Koti hukunjwa, mpangaji je?

Pale sokoni Kiboriloni, Moshi, kuna mama muuza makoti ya mtumba ambaye hamuulizi mteja ana shilingi ngapi. Anatupia jicho viatu, kisha mkono. Anayegeuza koti kukagua bitana, huyo kaja kununua. Anayepapasa juu juu anapita njia. Bei hufuata hapo. Nimekaa kwenye benchi lake karibu saa nzima na sikumwona akikosea zaidi ya mara mbili.

Wanasaikolojia wangemwelewa. Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal waliwaonyesha watu baki video zisizo na sauti, jumla ya sekunde 30 kwa kila mwalimu wa chuo. Tathmini zao zilikaribiana na zile za wanafunzi waliofundishwa muhula mzima. Kwa hiyo "usimhukumu mtu kwa sura" ni wosia mgumu kuutimiza. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov walikuta sehemu ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuamua kama uso fulani ni wa kuaminika. Muda ukiongezwa, uamuzi haubadiliki sana. Kinachopanda ni uhakika wa anayeamua.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua.

Maana yupo pia mwenye nyumba. Kijana wa rasta kaja na begi lake, shikamoo kaitoa vizuri. "Chumba kimeshachukuliwa, mwanangu." Na nani? Kufuli bado linaning'inia mlangoni. Mama wa makoti akikosea anajua papo hapo: mteja anaondoka, au analipa bila kubishana, naye anabaki kujuta kwa nini hakutaja zaidi. Mwenye nyumba hatajua maisha kama yule kijana angelipa kodi kwa wakati. Kila anayemkataa anamhesabu kama balaa aliyoikwepa, na jicho lake linazidi kujiamini bila kupimwa hata siku moja.

Nilimsimulia mama wa makoti, nikidhani ataniunga mkono. Akamtetea mwenye nyumba: "Koti lisipouzwa nalikunja. Mpangaji utamkunja?"

Ana hoja. Kumtoa mpangaji msumbufu ni kazi ya miezi. Ila woga huo hauzifanyi nywele kuwa ushahidi. Hata kuchelewesha kodi si ushahidi kamili: mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliandika juu ya kosa letu la kubandika kila kitendo kwenye tabia ya mtu na kusahau hali aliyomo. Aliyecheleweshewa mshahara tunamwita mjanja mjanja.

Hasara ikiwa kubwa, basi na kuuliza kuwe kwingi: mdhamini, kazi anayofanya, simu kwa mwenye nyumba wa zamani. Ingawa huyo naye, akitaka kumwondoa mtu, atamsifia mpaka ushangae.