Mpaka ni wa Washington, risiti ni yangu

Juzi nilibadilisha matairi mawili ya gari hapa Houston. Chini ya risiti kodi ya mauzo ilinisubiri: senti 8 na robo kwa kila dola, na 6 na robo kati ya hizo ni za jimbo la Texas. Jimbo hili halitozi kodi ya mapato ya mtu, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha zake huiokota hivyo, kaunta kwa kaunta. Kodi ya mapato inakatwa na serikali kuu kabla mshahara haujanifikia. Ndiyo kusema ulinzi wa mpaka wa Mexico, unaofanywa na serikali kuu na jimbo pia, nimeulipia mara mbili, kwenye slipu ya mshahara na kwenye matairi.

Tangu Machi 2021, Gavana Greg Abbott alipoanzisha Operesheni Lone Star, Texas imetumia zaidi ya dola bilioni 11. Zimelipa Walinzi wa Taifa na polisi wa jimbo, seng'enge za wembe kando ya Rio Grande, mto wa mpakani, maboya yaliyotandazwa mtoni Julai 2023, na mabasi yaliyosomba wahamiaji zaidi ya 100,000 kuwapeleka New York, Chicago, Denver na kwingineko. Muda wote huo askari wa doria wa serikali kuu walikuwa palepale, nao wakila mshahara. Januari 2024 jimbo likaifunga Shelby Park, bustani iliyo ukingoni mwa mto mjini Eagle Pass, na kuwazuia askari hao wasiitumie. Yaani askari ninaowalipa huku wakawafungia geti askari ninaowalipa kule. Kesi ya seng'enge ikafika Mahakama ya Juu, ambayo kwa kura 5 dhidi ya 4 iliondoa zuio lililoikataza serikali kuu kuzikata. Mawakili wa pande zote mbili pia nimewalipa mimi.

Kwangu mimi serikali kuu ndiyo ilipe, na ilipe yote. Aingie nani na arudishwe nani, inaamua Washington. Mahakama ya Juu ililikazia hilo mwaka 2012 ilipofuta vifungu vitatu vya sheria ya uhamiaji ya Arizona. Katiba yao inaiagiza serikali ya shirikisho ilinde kila jimbo dhidi ya uvamizi, na kifungu hicho Abbott mwenyewe anakipenda sana, ingawa kumwita mama mwenye mtoto mgongoni mvamizi kunahitaji moyo. Sisi tuliotoka Tanzania jambo hili halitutatizi: ulinzi, uraia na uhamiaji vimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Isitoshe, lori linalovuka mpaka pale Laredo, Texas, huenda limebeba vipuri vya kiwanda cha Michigan. Kwa nini mnunuzi wa matairi wa Houston abebe mzigo wa mlango unaotumiwa na nchi nzima?

Rafiki yangu mmoja, dereva wa malori anayeijua Laredo kama kiganja chake, hakubaliani nami. "Ndugu yangu, bomba la chooni likipasuka na mwenye nyumba hapokei simu, utakaa na maji mpaka magotini? Unamwita fundi, halafu mnakatana kwenye kodi." Ana hoja. Desemba 2023 askari wa doria waliwakamata watu karibu 250,000 mpaka mzima kwa mwezi huo mmoja. Eagle Pass ina wakazi wasiofika 30,000. Magari yao ya wagonjwa, wazimamoto wao wanaoopoa maiti mtoni, hayo ni maji ya magotini kwelikweli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. New York iliugundua uzito wake mabasi yaliposhusha watu mlangoni kwake.

Lakini sote tuliowahi kupanga tunajua swali la kwanza la mwenye nyumba ukimpelekea risiti: nani alikutuma? Bomba atalilipa, kwa kununa. Ukiwa umepaka na rangi unayoipenda wewe, ukabadilisha na kitasa ili yeye asiingie, hapo mtafikishana kwa mjumbe.

Arizona ilipaka rangi. Mwaka 2022 Gavana Doug Ducey alipanga makontena mpakani kama ukuta, mengine ndani ya msitu wa serikali kuu, akashtakiwa, na kabla ya mwaka kwisha akakubali yaondolewe. Mlipakodi akatoa makumi ya mamilioni ya dola kuyapanga, akatoa tena kuyapangua. South Dakota ndiyo iliyonitisha zaidi. Mwaka 2021 Kristi Noem, gavana wa jimbo lisilopakana kabisa na Mexico, alituma askari wapatao 50 Texas kwa mchango wa dola milioni moja wa tajiri mmoja wa Tennessee. Askari wenye sare na bunduki, safari imefadhiliwa kama harusi! Mwaka 2025 huyohuyo Noem akawa waziri wa usalama wa ndani.

Mwaka 1994 majimbo kadhaa, yakiwemo California, Florida na Texas, yaliishtaki serikali kuu yakidai gharama za wahamiaji, na mahakama zikayaambia hilo ni la wanasiasa, nendeni bungeni. Safari hii Texas imekwenda. Januari 2025 Abbott aliliomba Bunge la Marekani lirudishe bilioni zake 11, na sheria iliyotiwa saini Julai 4 mwaka huohuo ikatenga dola bilioni 13.5 za kuyafidia majimbo.

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba nisingerudisha hata senti ya mabasi, ya maboya wala ya kulifunga lile geti la Shelby Park, alicheka. "Sasa wewe unalalamika nini? Si zinarudi?" Zinarudi, ndiyo. Zinatoka kwenye slipu yangu ya mshahara kwenda kufidia zile zilizotoka kwenye matairi yangu.