Jokofu la sumaku angani: kosa ni la nani?

Setilaiti ya eksirei yenye jokofu la sumaku ikipata mkosi, swali huwa lile lile: kulikuwa na haja gani ya kurusha mtambo wenye mambo mengi hivyo mahali ambapo fundi hafiki? Si swali la kipuuzi, maana mikosi yenyewe imekuwa mingi. Ila naona mara nyingi anayeshtakiwa siye aliyekosa.

Tuangalie kwanza kazi inayofanywa. Kigunduzi cha eksirei kinachopozwa na jokofu hilo hupima fotoni, yaani chembe za eksirei, moja moja kwa joto lake. Fotoni ikigonga kijipande chembamba, kijipande kinapata joto kidogo mno, kipimajoto kinasoma, kisha kinapoa kungoja nyingine. Ili badiliko hilo lionekane, kijipande kiwe kwenye milikelvini 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya kelvini juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Joto likizidi hapo, misukosuko yake inaimeza ishara. Malipo ya baridi hiyo ni makubwa: eksirei za chuma huja kwa viwango maalumu vya nishati, viitwavyo mistari, na vigunduzi vya kawaida vya CCD, jamii ya vile vya kamera, huitenganisha ikiwa tu imeachana kwa zaidi ya elektronivolti 100 (kipimo cha nishati), hiki hata ikiachana kwa 5 hivi.

Wazo la kupoza kwa sumaku lilitolewa miaka ya 1920 na Peter Debye na William Giauque, kila mtu kivyake, na mwaka 1933 Giauque akashuka chini ya kelvini moja kwa njia hiyo. Ndani ya koili, waya uliozungushwa ambao huwa sumaku umeme ukipita, huwekwa chumvi, mara nyingi shabu ya kromi na potasi. Sumaku ikiwashwa, atomi zinajipanga kama askari kwenye gwaride, na kujipanga huko kunatoa joto, ambalo hupitishwa kwenye heliamu ya kimiminika iliyo jirani. Kisha njia ya joto inakatwa na umeme wa koili unapunguzwa taratibu. Atomi zinataka kutawanyika, na haziwezi bila joto, basi zinalichota kwenye chumvi na kwenye kigunduzi kilichoshikana nayo. Hakuna kimiminika kinachozungushwa, na gwaride halijali kama lipo duniani au linaelea.

Mpinzani atajibu, na kwa haki, kwamba sumaku haianzi kazi kwenye joto la chumbani. Lazima ikabidhiwe kitu ambacho tayari kiko kwenye kelvini moja na kidogo, kwa hiyo nyuma yake kuna tangi la heliamu, mitambo ya kupoza, na chupa kubwa ya ombwe ya kufunika vyote. Halafu chumvi huchoka. Kwenye XRISM, setilaiti ya eksirei iliyoko angani sasa, hufanya kazi takriban siku mbili, kisha hutakiwa kupangwa upya na uchunguzi husimama. Na kuweka sumaku karibu na vigunduzi vinavyoudhiwa na sumaku, kama vile vya kizazi kipya, kunadai ngao nzito.

Mshindani wake angani alikuwa jokofu la kuchanganya aina mbili za heliamu, heliamu-3 na heliamu-4, lililoipoza darubini ya angani ya Planck hadi kelvini 0.1 baada ya kurushwa mwaka 2009. Lilifanya kazi vizuri sana, bila kupumzika. Ila kwenye maabara za duniani ni mvutano wa dunia unaovishika vimiminika hivyo mahali pake. Angani ilibidi mchanganyiko utumike mara moja na kumwagwa nje. Januari 2012 gesi ikaisha, na baridi ikaenda nayo.

Sasa turudi kwenye mikosi. Setilaiti ya kwanza, Suzaku, ilirushwa Julai 2005, jokofu lake likafika milikelvini 60, na Agosti heliamu yote ikapotea kabla ya uchunguzi kuanza. Iliyofuata, Hitomi, mwaka 2016 ilipima gesi ya kundi la galaksi la Perseus na kukuta imetulia kuliko wengi walivyotarajia. Wiki chache baadaye mfumo wa kuielekeza ukaizungusha hadi ikavunjika. XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, iko salama, ila mlango wa chupa yake umegoma kufunguka, na dirisha lake la metali ya beriliamu huzuia eksirei zilizo chini ya elektronivolti 1,700 hivi.

Katika yote matatu, sumaku ilifanya kilichotakiwa. Lakini siwezi kuisafisha kabisa. Kama isingehitaji heliamu, Suzaku isingekuwa na cha kupoteza. Kama isingehitaji chupa ya ombwe, XRISM isingekuwa na mlango wa kugoma. Hitomi pekee haihusiki na hesabu hii.

Kwa hiyo ningependa fedha zielekezwe kwenye kuipunguzia sumaku wasindikizaji, kuliko kutafuta jokofu jingine. Maabarani tayari kuna majokofu yenye chumvi kadhaa zinazopokezana, moja ikichoka nyingine inashika, na baridi haikatiki. XRISM nayo imebeba hatua ya tatu ya sumaku kwa ajili ya siku tangi litakapokauka: mitambo itapoza hadi kelvini 4 na kitu, na kuanzia hapo chumvi zitashuka zenyewe.