Seli za maabara haziendi Kibuye

Shemeji yangu alikuja kwangu amejifunga leso hadi kidevuni, na joto lote hili la Kisumu. Alipoifungua, nikaona malengelenge yaliyopasuka na michirizi ya kahawia iliyokoza ikishuka kifuani, kufuata njia ya maji yalivyotiririka. Jumapili asubuhi alitwanga majani mabichi ya mtini, akakamua, akajipaka shingoni kuondoa madoa, kisha akaenda kuuza mitumba soko la Kibuye. Siku hiyo hakusikia kitu. Kilio kilikuja Jumanne.

"Lakini ni ya asili, shem," akaniambia. "Na imepimwa kwenye seli za ngozi, nimesoma."

Ugomvi wangu uko hapo. Hakusoma uongo. Majani ya mtini (ule wa tini za kula, si mkuyu wetu wa kando ya mto) yana rutini na asidi ya klorojeni, kemikali zinazosifiwa kwa kupunguza uharibifu ndani ya seli. Ila jani hilohilo lina kemikali nyingine, psoraleni na bergapteni. Gizani hizi zimelala. Zikipigwa na mionzi ya jua aina ya UVA, hujipachika kwenye DNA na kuzibana nyuzi zake mbili pamoja, kama zipu iliyokwama. Seli ikishindwa kuzifungua, inakufa. Malengelenge hutokea baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana watu hulaumu sabuni, chakula, hata jirani. Ngozi ikianza kupona humwaga rangi kupita kiasi, na doa jipya hukaa miezi. Yeye alitaka kufuta madoa!

Sasa seli za maabara hulelewa wapi? Ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, mlango umefungwa, giza totoro. Hazijawahi kusimama Kibuye saa sita mchana, hapa karibu na ikweta, zikiita wateja. Majibu ya vipimo hivyo ni ya kweli, lakini ni majibu ya gizani.

Madaktari wanaijua nguvu hiyo. Hutumia psoraleni kutibu mbalanga (mabaka meupe ya ngozi), kwa dozi iliyopimwa na taa iliyohesabiwa muda. Wenye viwanda vya manukato nao, kupitia shirika lao la IFRA, wamepiga marufuku dondoo la majani ya mtini kwenye bidhaa zao. Ikiwa watu wanaoishi kwa kuuza harufu wameliacha, mimi na wewe tunalipaka kwa ujasiri gani?

Juisi iliyobaki bado iko kwenye friji ya shemeji. Nimemsihi aimwage. Anasema atamtumia dada yake Nakuru, eti kule kuna baridi, jua halichomi. Nakuru iko juu kuliko Kisumu kwa zaidi ya mita 600, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi hiyo inavyozidi. Nimempigia dada mtu mwenyewe.