Tumfundishe mwanafunzi kuzungumza kazini, tumfundishe na anachotia saini

Wanafunzi wawili wa mapishi walirudi chuoni kutoka mafunzo kwa vitendo wakiwa hawasalimiani. Walipangwa jiko moja la hoteli, mmoja zamu ya asubuhi, mwenzake jioni. Kisa kilianza na trei tatu za kuokea zilizoachwa na mafuta yaliyoganda. Wa jioni hakumwambia mwenzake neno. Usiku akaandika kwenye grupu la WhatsApp la jikoni: "Kuna watu wanadhani wengine tumeletwa hapa kuwaoshea vyombo." Kulipokucha mwenzake akajibu kwa stetasi: "Mwenye lake aje aseme, mimi si wa kurushiwa vijembe." Wiki mbili baadaye jiko zima lilikuwa na pande mbili, na mpishi mkuu anaulizwa yeye ni wa upande gani.

Nafundisha stadi za mawasiliano katika chuo cha ufundi, kwa hiyo niliwaita. Tulikaa chini ya nusu saa. Ikafahamika kwamba maji ya moto ya hoteli ile yalikuwa yanakatika mchana, na yule wa asubuhi alikuwa anaziacha trei na sabuni zilainike ili mwenzake aoshe maji yakirudi. Hakuandika kwenye daftari la makabidhiano. Alidhani inaeleweka. Wiki nne za chuki zilitokana na sentensi moja ambayo haikuandikwa.

Visa kama hiki ndivyo vinavyowapa nguvu wanaotaka somo hili lifundishwe kwa uzito, na mimi nimo. Sehemu kubwa ya ugomvi wa kazini haianzi na ubaya wa mtu. Inaanza na zamu isiyokabidhiwa vizuri, agizo lililotolewa kwa haraka, ujumbe wa simu uliosomwa kwa sauti ambayo mwandishi hakuikusudia. Kijana wa miaka 19 aliyetoka shule, alikozoea kunyamaza mwalimu anapoongea, hajawahi kufundishwa namna ya kumwambia mkubwa wake "hapa sikuelewa" bila kuonekana mjuaji. Hata sheria yetu ya Tanzania imeanzia hapohapo. Mgogoro wa kazi ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kilichoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, hatua ya kwanza ni usuluhishi: pande mbili zinakaa na msuluhishi ambaye amepewa siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, kabla jambo halijaenda kwenye uamuzi. Asiyejua kueleza shida yake kwa utulivu anafika mezani pale akiwa nyuma ya mwenzake.

Sasa upande wa pili, na huu umenikosesha usingizi zaidi.

Mhitimu wetu mmoja wa umeme wa majumbani aliajiriwa na mkandarasi. Mwezi wa tatu, rola mbili za waya hazikuonekana stoo. Yeye ndiye aliyekuwa amesaini kuzipokea, ingawa funguo za stoo walikuwa nazo watu watatu. Akaitwa. Aliongea kama tulivyomfundisha: alisikiliza hadi mwisho, hakupandisha sauti, alirudia hoja ya bosi kwa maneno yake kuonyesha kwamba ameielewa, akapendekeza watafute njia ya kati. Njia ya kati ikapatikana palepale, karatasi ya kukubali kukatwa nusu ya mshahara hadi waya ulipike. Akatia saini. Alipokuja kunisimulia alikuwa anajivunia kwamba hawakugombana.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara mpaka yatimie mambo kadhaa. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Apewe nafasi ya haki ya kujieleza. Akubali kwa maandishi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kijana yule alikubali nusu, kwa kosa ambalo halikuwa limethibitishwa, kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba mwenye busara hutafuta maafikiano. Sikumfundisha kwamba kuna mambo ambayo sheria imeshayaamua.

Wakosoaji wa somo hili wana hoja hiyohiyo, na naikubali. Wanasema tunachukua tatizo la mishahara, mikataba na madaraka tunaligeuza kuwa tatizo la sauti ya mfanyakazi. Kibarua asiyelipwa saa za ziada anaambiwa ajifunze "kuwasilisha hoja vizuri". Mwajiri anayeandika kwenye tangazo "awe na uwezo mzuri wa mawasiliano" mara nyingine anatafuta mtu asiyelalamika. Na mwenye nguvu ndogo kuliko wote ni huyu tunayemwandaa sisi. Masharti ya sheria yanayomlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliyemtumikia mwajiri yuleyule chini ya miezi 6. Ukimwambia mgeni wa miezi mitatu "nenda ukazungumze na bosi waziwazi", umemtuma mahali ambapo wewe hutakuwepo.

Kuna mahali ambapo mazungumzo hayafai kabisa, na nasikitika kwamba mitaala mingi hailitamki. Msimamizi akimwambia binti aliye mafunzoni kwamba fomu yake ya tathmini itajazwa vizuri akikubali kumfuata mahali, huo si mgogoro wa kupatanishwa. Ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Binti huyo hahitaji mbinu ya kusikiliza kwa makini. Anahitaji kujua TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wako wapi, atunze ujumbe gani kwenye simu, na nani chuoni atamwamini siku hiyohiyo bila kumuuliza alivaa nini.

Je, basi tuliache somo? Hapana. Kasoro kubwa naiona katika yale tuliyoyaazima na lugha tunayofundishia. Vyuo vingi hutumia mgawanyo wa Wamarekani wawili, Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, waliotaja mwaka 1974 njia tano za kukabili mgogoro: kushindana, kukubali yaishe, kukwepa, kugawana hasara na kushirikiana. Mgawanyo wenyewe ni mzuri. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaukariri kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani, halafu anakwenda kugombana kwa Kiswahili. Nimewahi kumsikiliza kijana akifanya mazoezi ya sentensi ya kitabuni mbele ya darasa, akimwambia mwenzake aliyeigiza fundi wa miaka 55: "Mzee, ninajisikia kuumia unapoongea na mimi hivyo." Kwa msimamizi wa kule ilikotungwa huenda ni upole. Kwa fundi wetu ni kijana anayemkosoa mkubwa.

Kijana huyohuyo angesema, "Shikamoo mzee. Jana sikukupata vizuri, naomba unielekeze tena," angefika kulekule. Lugha yetu ina zana zake. "Trei zimeachwa chafu, tufanyeje?" haimshtaki mtu kama "umeacha trei chafu". "Imevunjika" inampa mwenzako nafasi ya kueleza, "umevunja" inamfunga. Hata hivyo lazima tuwaambie wanafunzi pia kwamba "imevunjika" haitoshi kwenye daftari la makabidhiano. Pale aandikwe nani, saa ngapi, na kwa nini, maana upole unaoficha mtendaji ndio unaomwachia deni asiyehusika.

Tuna pia desturi ya kutuma mtu. Mdogo mwenye neno zito kwa mkubwa hatangulii mwenyewe, hutafuta mtu mzima wa kumsemea. Somo la kuazima huiita hiyo kukwepa. Mimi naiona kuwa haki ambayo sheria yenyewe imeijengea njia: anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu anaruhusiwa kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kijana wa rola za waya angejua hilo, asingeingia peke yake.

Nimebadilisha kipindi changu. Maigizo ya ugomvi yamebaki, kwa Kiswahili, na shikamoo zake. Baadaye nagawa karatasi tatu kwa kila meza: mkataba wa ajira, barua ya kujieleza, na fomu ya kukubali makato yenye kosa ndani yake. Wanaisoma kwa sauti mstari kwa mstari, na hakuna anayeruhusiwa kushika kalamu mpaka alione lile kosa na ataje nani atakayemwita kabla ya kujibu. Juzi kundi moja lilitumia dakika 40 kwenye fomu ile. Mwanafunzi wa nyuma, ambaye huwa haongei, ndiye aliyenyanyua mkono: "Mwalimu, hapa pameandikwa nusu."