“Malta ni Kama Mombasa Tu”

Mtu aliyekulia Tanga hakuumbwa kwa ajili ya Januari ya Leipzig, Ujerumani. Saa mbili asubuhi bado unawasha taa kutafuta soksi, saa kumi na moja jioni giza limeshatanda, na katikati yake kuna kitu cha kijivu ambacho wenyeji wanasisitiza kwamba ni mchana. Kwa hiyo nilipoona tiketi ya kutoka Berlin kwenda Malta, nchi ya visiwa katika bahari ya Mediterania, inauzwa bei ya chini kuliko buti zangu za theluji, nilibonyeza “nunua” kabla haijapanda.

Sasa, tiketi za namna hiyo zina masharti ya mganga. Begi moja, tena dogo, lazima liingie chini ya kiti cha mbele yako. Jaketi langu la manyoya ya bata lilikuwa linalijaza begi hilo peke yake. Nikiwa nalikunja na kulikalia, akaingia Mkenya mmoja tunayesoma naye, akanitazama kwa huruma.

“Buda, Malta ni kama Mombasa tu. Hiyo jaketi ni ya nini? Wacha nikuwekee.”

Zipu ya jaketi lake ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Habari hiyo nilikuwa nayo, ila sikuitumia.

Nikaondoka na sweta moja, kaptula, makubadhi, miwani ya jua na shati la kitenge lenye maua makubwa ambalo dada yangu alinishonea “kwa siku ya ufukweni”. Nilipotua, jua lilikuwepo kweli. Nikapiga picha, nikaituma nyumbani. Lilidumu kwa kadiri ya muda wa kuituma. Lakini mengine yote yalinipa moyo: magari yanapita kushoto, soketi za ukutani zina matundu matatu kama za kwetu (Waingereza walitawala pale mpaka 1964), na dereva wa basi ana haraka ya kidaladala. Nikajisemea hapa nimefika.

Chumba nilikipanga katika mji wa Gżira, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya chokaa. Nzuri sana kwa macho: dari iko juu kama ya kanisa, sakafu ya vigae vya maua, roshani ya mbao. Ndani ya dakika chache nikaelewa kwamba aliyeijenga alikuwa anafikiria Agosti tu. Ujerumani nje inaweza kuwa hasi kumi, lakini ndani unakaa na singlendi unakula aiskrimu. Malta nje ilikuwa digrii kumi na mbili, na ndani ni kumi na mbili ileile, na unyevu juu yake. Hakuna bomba la moto ukutani, hakuna kitu. Nilipopapasa shuka nilidhani zimeanuliwa kabla hazijakauka. Usiku ule nililala nimevaa soksi miguuni na soksi mikononi.

Asubuhi upepo ukaanza. Kwetu Tanga mwezi wa pili ni wa kaskazi, upepo unaokuja na joto na embe za mwisho. Wamalta nao wana wa kwao kutoka kaskazini-mashariki, wanauita grigal, na huo haukuletei embe. Nikagundua pastizzi, vitafunwa vya unga wa matabaka vyenye jibini au njegere, vinatoka jikoni vinafuka moshi. Nilikuwa nanunua viwili kila mara: kimoja cha kula, kingine cha kushika.

Hapo ndipo kundi la familia la WhatsApp lilipoamka. Picha ya jua ilikuwa imefanya kazi yake kupita kiasi. Mjomba anataka kuona bahari. Shangazi anataka kuona bahari. Jirani wa shangazi, ambaye hata simjui, anataka kuona bahari. Nikavaa shati la maua juu ya sweta, nikavaa miwani ya jua, nikapanda basi mpaka Sliema, mji wa jirani ulio ufukweni.

Pale Sliema hakuna mchanga, ni miamba, na wazee wa zamani walichonga vidimbwi vya mraba humohumo mwambani kwa ajili ya kuogea. Nikashuka ngazi mpaka karibu na kimojawapo, nikainua simu juu, nikapiga ya video. Nyumbani kila mtu alikuwa na feni nyuma yake.

“Mbona hao wanaopita wamevaa makoti?” shangazi akauliza.

“Ni wazee hao, shangazi.”

“Hata mbwa kavaa koti.”

“Naye mzee.”

Wimbi sikuliona. Niliwaona wao wakiliona. Mjomba alifungua mdomo, jirani wa shangazi akashika kichwa, halafu nikapigwa kuanzia kisogoni hadi kwenye makubadhi. Kubadhi moja liliondoka na maji na halijarudi mpaka leo. Simu ilinusurika kwa kuwa mkono ulikuwa juu, na kupitia hiyo nikamsikia mjomba akiwauliza wenzake, “Ndiyo ameanza kuogelea?”

Niliporudi chumbani nikitembea na guu moja peku, mama mwenye nyumba alinitazama, akajipiga ishara ya msalaba, akaenda kuniburutia hita yenye mtungi wa gesi. Nikiwa nimeikumbatia, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yangu, ambaye ni mtu wa kwaya na Biblia anaijua kwa kurasa.

“Baba, si ungesoma Matendo ya Mitume, ishirini na nane? Paulo alivunjikiwa na merikebu hapohapo Melita. Wenyeji wakamwashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Imeandikwa!”

Ilikuwa imeandikwa, kweli. Ila Paulo hakuambiwa kwamba gesi inalipiwa kando. Na wakati naweka sarafu mezani, nikaona kwenye simu picha mpya ya yule Mkenya: Leipzig, theluji, jaketi langu, zipu imefungwa hadi kidevuni.

Mama akataka ushahidi kwamba nimefika kwa Mtume, maana alikwishaitangazia jumuiya nzima. Bahati nzuri tarehe 10 Februari Wamalta wanaadhimisha ajali hiyo ya merikebu. Nikaenda Valletta, mji mkuu. Bendi zinapiga tarumbeta, watu wanamwaga vipande vya karatasi kutoka kwenye roshani mpaka barabara inageuka nyeupe, na sanamu ya Mtume Paulo, ya mbao, iliyochongwa na Melchiorre Cafà karne ya 17, inapitishwa mabegani mwa wanaume. Sweta lilikuwa bado bichi, kwa hiyo nilisimama karibu na sanamu na shati la maua peke yake, nikatabasamu kwa meno yaliyokuwa yakigongana, nikatuma.

Jibu lilikuja kabla bendi haijamaliza wimbo.

“Sawa, nimemwona. Hata sanamu ya mbao imevaa joho. Wewe nani kakuruhusu utoke hivyo?”