Ni Nani Aliyeutoa Moyo Katika 愛?

Machi 2015, mwongozaji wa filamu Feng Xiaogang, akiwa mjumbe wa Baraza la Mashauriano ya Kisiasa la China, alitoa hoja kwamba baadhi ya herufi za kale zirudishwe shuleni. Mojawapo ni 愛, isomwayo "ai", yaani upendo. Tangu mageuzi ya kurahisisha maandishi ya mwaka 1956, China Bara huiandika 爱. Ziweke hizo mbili pamoja uone kilichopungua. Katikati ya ile ya kale mna 心, moyo. Katika mpya hamna. Herufi ya "jamaa", 親, nayo ilinyang'anywa kipande kinachomaanisha "kuona" ikabaki 亲. Ndipo ukaja ule msemo wa wanaolalamika: jamaa hawaonani, upendo hauna moyo.

Ni msemo unaochoma, na kwa muda mrefu niliuamini. Lakini ukifuatilia historia ya herufi yenyewe, mambo hayaendi hivyo.

Mnamo mwaka 100 hivi baada ya Kristo, msomi Xu Shen alikamilisha kamusi yake, Shuowen Jiezi. Humo 愛 haielezwi kuwa upendo, bali namna ya kutembea. Kipande cha chini ni alama ya mwendo, na chote kilicho juu yake, moyo ukiwamo, kimewekwa kwa ajili ya sauti tu. Upendo ulikuwa na herufi yake nyingine, 㤅: chini moyo, juu 旡 ya kutoa sauti. Baadaye watu waliiacha 㤅, wakaazima 愛 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo moyo unaoliliwa leo uliingia kwenye 愛 kwa mlango wa matamshi. Na wale wanaofundisha kwamba alama ya juu, 爫, ni mkono ulioushika moyo, wanafundisha hadithi tamu isiyo ya kweli; ni ile 旡 iliyoharibika umbo kwa kuandikwa na kuandikwa.

Wala 爱 haikubuniwa na maofisa wa 1956. Mafundi wa mwandiko wa haraka walikuwa wameshauunganisha moyo na ile alama ya mwendo kwa mchoro mmoja karne nyingi kabla, ukatoka umbo linalofanana na 友, "rafiki". Hata nia ya kurahisisha ni ya zamani kuliko serikali ya Kikomunisti: mwaka 1935 serikali ya Wazalendo (chama cha Kuomintang) ilitangaza orodha ya herufi 324 zilizorahisishwa, ikaifuta mwaka uliofuata.

Hapo watetezi wa herufi mpya wana haki yao. Wanaponipoteza ni wanaposema mabadiliko haya yaliwapunguzia watu mzigo wa kujifunza kusoma. Kwa herufi nyingine, sawa. Kwa hii? 愛 ina mistari 13, 爱 ina 10. Mistari mitatu! Watoto wa Taiwan na Hong Kong wanaandika yote 13 na wanasoma vizuri tu.

Na hasara ipo, ila haiko pale inapoonyeshwa na ule msemo. Fungua kamusi ya Kichina, ambamo herufi hupangwa kwa kipande chake kikuu. Katika ile ya Kangxi ya mwaka 1716, 愛 inatafutwa chini ya moyo, pamoja na kuwaza 想, kusahau 忘, kuogopa 怕, kuchukia 恨. Ni ukoo mmoja, na mtoto akishaujua moyo anakisia kuwa neno jipya linahusu hisia. Katika kamusi za leo za China Bara, 爱 inatafutwa chini ya 爫, ambayo ni alama ya kucha. Chuki bado ina moyo wake pembeni. Upendo umehamishiwa kwenye kucha. Hilo linaniuma, hata nikijua moyo ule uliingiaje. Kwa miaka elfu na zaidi wasomaji waliuona na kuuelewa kama moyo, na uelewa huo nao ni sehemu ya historia ya herufi.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita mbio, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mfalme Xuan wa Qi, mojawapo ya dola za China ya kale, alimwona ng'ombe akipelekwa kuchinjwa ili damu yake ipakwe kengele mpya. Ng'ombe alikuwa akitetemeka. Mfalme hakustahimili, akaamuru atolewe kondoo badala yake. Mwanafalsafa Mengzi alimweleza kwamba raia wanasema mfalme ana "ai", na hapo maana yake ni ubahili. Confucius naye, mwanafunzi wake Zigong alipotaka kuacha kumtoa kondoo wa sadaka ya mwezi mpya, alimjibu: wewe unamwonea uchungu kondoo, mimi naionea uchungu ibada. "Ai" ileile, mara mbili.

Nimeandika "kuonea uchungu" kwa makusudi. Sisi tunasema fulani ana uchungu na nchi yake, tukimsifu. Tukasema ana uchungu na pesa zake, tukimaanisha mkono wake ni mgumu. Neno moja, kwa sababu hali ni moja: kushindwa kuachia. Hiyo ndiyo 愛 ya kale, na haikupotea mwaka 1956. Ilikuwa imefifia zamani, wakati mistari yote 13 bado ipo mahali pake.

Kwa hiyo siungi mkono kuirudisha 愛 kwa amri. Watu zaidi ya bilioni moja wana mkono uliozoea 爱, na wanapendana. Ninachotaka ni kidogo kuliko alichoomba Feng. Kitabu cha darasa la kwanza kinapomfundisha mtoto wa Chengdu mistari yake kumi, pembeni, kwa wino hafifu, zichapwe pia 愛 na 㤅, na mwalimu apewe dakika tano za kumsimulia habari za ng'ombe wa Mfalme Xuan.