"Anatafuta Huruma"

Wiki iliyopita nilikaa na mama mmoja kwenye benchi la mahakama hapa Pemba, mwanawe wa miaka 16 akiwa kati yetu, na muda wote mama huyo alikuwa akimteremshia mikono ya shati ili hakimu asizione alama ambazo kijana amejitia mwenyewe akiwa mahabusu. Askari aliyemsindikiza alitutazama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima: "Huyo anatafuta huruma tu."

Na iwe hivyo. Mtoto anayetafuta huruma hadi kwenye ngozi yake amekwisha kuitafuta kwingine kote akaikosa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba kijana huyo huyo ameandikwa mkorofi kwa kumpiga mwenzake, akaadhibiwa kwa kufungiwa peke yake, na ni katika siku hizo za upweke ndipo alipoanza kujiumiza. Wanaomlinda wanahesabu makosa mawili ya mtoto asiyesikia. Mimi naona dhiki moja tu: khofu na hasira zikikosa pa kutokea humwangukia aliye karibu, na aliye karibu akiondolewa, humrudia mwenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zimekataza kumfungia mtoto peke yake kuwa adhabu, nasi tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, ambayo sidhani kama ilitungwa ili ipambe kabati.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba aliyepigwa naye ana mama, na kwamba askari si tabibu. Matabibu wapo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, lakini jina la hospitali hiyo tumeligeuza tusi la barazani, halafu tunashangaa mzazi anapokataa mwanawe apelekwe.

Sisi Wazanzibari hatusemi jela, tunasema Chuo cha Mafunzo. Jina zuri, na kwa kweli nalipenda. Kwa hiyo nilimwuliza askari yule kama kuna yeyote aliyekaa na mwanafunzi huyu akamwuliza kilichomsibu. Akanijibu, bila ubaya wowote, kwamba hiyo si kazi yake. Nikamwuliza ni kazi ya nani. Mlango ukafunguliwa, jina likaitwa, na mama akainama kumfunga mwanawe kifungo cha mkono wa shati.